Soksi za Wifi na Gambuti za Elcira

Miaka hupita juu ya kisiwa cha Quinchao kama mvua ipitavyo juu ya paa la mbao: hujui tone lipi lilitangulia, wala lipi litakuwa la mwisho. Katika miaka hiyo Elcira Nahuelquín alizaliwa, akaolewa, akapata mwana mmoja, akamzika mumewe. Na kila majira ya baridi, tangu Mei hadi Septemba, alikanyaga tope la ua ule ule, akiwapelekea nguruwe wake wawili maganda ya viazi na kondoo wake kumi na mmoja majani makavu. Alikuwa ametimiza miaka sitini na tisa, wala hakujua namna nyingine ya kuianza siku.

Mwaka huo gambuti zake kuukuu zilipasuka kwenye kifundo. Kila jioni alikuwa akizianika kando ya jiko la kuni, kama wafanyavyo wote kisiwani, ingawa wote wanajua kwamba moto hula mpira. Maji yakaingia, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikafanya kidonda. Na kwa mwenye kisukari kama yeye, kidonda si jambo la kupuuzwa. Muuguzi wa zahanati alikisafisha, kisha akasema bila kupamba maneno, "Mama Elcira, mguu huu ukilowa tena, hukanyagi uani mpaka Oktoba."

Elcira alielewa yasiyosemwa. Mwanawe angekuja kutoka Punta Arenas, awauze wanyama, amchukue akakae naye ghorofani, mahali ambapo hata jogoo hawiki.

Alhamisi akaondoka kwenda dukani Achao pamoja na wifi yake Ludgarda, dada wa marehemu mumewe. Elcira alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na soksi nyembamba, kwa maana ndivyo mtu mwenye heshima aendavyo mjini. Ludgarda alikuwa na soksi nene za sufu alizozifuma mwenyewe, zimemfika magotini.

"Wifi, hizo ndizo soksi za mjini?" Elcira akamuuliza njiani. "Mtu atadhani tunakwenda kuchimba viazi."

"Na wewe na hizo zako za harusi. Vidole vikiganda, usiniite."

Mwenye duka, mzee Evaristo Barría, aliwatolea kwanza gambuti za kijani zenye maua. Ludgarda akazipenda. Elcira akaikunja moja kwenye kifundo, na mstari mweupe, dalili ya mpira dhaifu, ukajitokeza pale ulipokunjika.

"Hizi ni za kumwagilia bustani, mzee."

"Kwani huna bustani?"

"Nina nguruwe."

Mzee akacheka, akaingia nyuma, akarudi na gambuti nyeusi za kiume, nzito, zenye soli ya meno marefu. Elcira akazikunja; hazikubadilika rangi. Akavaa namba thelathini na saba, namba yake ya siku zote, zikamkaa kama zilizopimwa kwake. Akafungua mkoba alipe.

Hapo mkono ukasita. Akakumbuka kwamba hata zile zilizopasuka alizinunua hivi hivi, akiwa amevaa soksi za heshima. Na alipofika nyumbani soksi ya sufu ikakataa kuingia, akapitisha baridi tatu miguu ikiwa barafu.

"Wifi," akasema taratibu, "vua soksi zako."

"Zipi? Hizi za kuchimbia viazi?"

"Hizo hizo."

"Sema kwanza kwamba ni nzuri. Mzee Evaristo asikie."

"Ni nzuri, wifi. Haya, vua."

Ludgarda akaketi juu ya gunia la ngano, akazivua bila haraka, akilifurahia kila pindo. Elcira akazivaa. Namba thelathini na saba ikakataa katakata. Thelathini na nane ikabana palepale penye kidonda. Thelathini na tisa ikapokea mguu, sufu na kitambaa cha dawa, na vidole vikabaki na nafasi ya kucheza. Elcira akasimama, akatoka moja kwa moja mpaka kwenye mtaro uliojaa tope mbele ya duka.

"Mama, hujalipa bado," akaita mzee.

"Nikilowa silipi."

Akasimama humo, maji yakimfika nusu ya muundi, akasali fungu zima la rozari. Ludgarda, miguu mitupu mlangoni, akamsaidia kuitikia. Elcira alipotoka, akatia mkono ndani ya gambuti, akapapasa sufu mpaka kwenye kidole. Ilikuwa kavu. Akalipa.

Nyumbani alizitundika gambuti kichwa chini, kwenye msumari wa ukumbini, mbali na jiko, na Ludgarda akapita kila jioni kuhakikisha. Mvua ikanyesha majuma matatu bila kupumua. Mwisho wake muuguzi alifungua kitambaa, akakitazama kidole, akakibonyeza pembeni.

"Kimefunga, mama."

Elcira alishusha pumzi ndefu, kama mtu atuaye mzigo wa kuni mlangoni pake. Kisha akauliza kama anaweza kuondoka, maana nguruwe walikuwa hawajala.

Mwenyezi Mungu aiweke miguu yake mikavu katika kila baridi iliyobaki, amlinde mwanawe huko ghorofani, na amjaalie Ludgarda sufu isiyokwisha na macho ya kuifuma. Amina.