Baba Aliponikataza Kumhurumia

Karatasi ya raundi ya nne ilipobandikwa ukutani, nilikuta nimepangwa kucheza na baba yangu mzazi. Wenzetu wa mashindano wakacheka. Mimi sikucheka.

Baba ndiye aliyenifunza sataranji, barazani petu Kibokoni, kabla hata sijaanza shule. Sasa alikuwa amestaafu ukarani wa bandarini, na tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulitetemeka kila alipoinua kete. Nikajiambia: nitacheza polepole, tumalizane kete, kisha nimwombe sare. Mzee arudi nyumbani na heshima yake.

Nilimbusu mkono, nikaweka mtandio wangu sawa, tukakaa. Yeye alipewa nyeupe. Akamtoa askari wa mbele ya mfalme, nami nikamtoa wangu. Kisha mtu huyu, aliyenihimiza miaka yote nimfiche mfalme kwanza, akamsukuma askari wa ubavuni mwa mfalme, akaniachia nimle bure.

"Baba, huu si mchezo wako," nikanong'ona.

"Leo ni wangu. Cheza."

Mwamuzi akakohoa, tukanyamaza.

Nikamla. Ufunguzi ule hauna adabu: mfalme wa mwenzio hubaki wazi, lakini kete zake zakujia mbio, na ukizubaa hatua moja umekwisha. Nami nilizubaa. Baba akatoa na farasi mhanga, malkia wake akanivamia, jasho likanitoka. Nikasahau mkono. Nikasahau kiharusi. Nilipigana kama ninayepigana na adui, nikajinasua, na zikiwa zimebaki dakika tatu kwenye saa yangu, mfalme wake akakosa pa kukimbilia.

Baba akamlaza mfalme, akanipa mkono.

Tulipotoka tukapitia Biashara Street, nikamuuliza kwa nini.

"Ulivyokaa tu nilijua waja kunihurumia," akasema. "Nikatafuta mchezo ambao huruma haiingii."

"Na ningeshindwa?"

"Ningekucheka mwezi mzima."

Nikageukia leso zilizotundikwa madukani ili asiyaone machozi yangu. Naye akasimama kando, akishika hii na ile, kana kwamba anachagua. Aliponiona nimetulia, akanivuta mtandio.

"Haya, twende. Mamako ameshapakua. Nataka nimwambie mimi mwenyewe kwamba nimepigwa."