Rejista ya Sellah, Fundi Anayeita Programu kwa Majina

Saa tatu na robo asubuhi, kompyuta ya ushirika wa wafugaji pale Kachibora inanguruma kama kinu cha posho, na Sellah Nekesa hajagusa hata kitufe kimoja. Ameketi mbele yake, mikono mapajani, anaitazama tu.

Nyuma yake mwenyekiti, Mzee Mathenge, anakohoa kila baada ya dakika mbili. Hana homa. Ni subira inayomwishia.

"Madam, saa sita yule fundi mwingine anakuja kufuta kila kitu," anamkumbusha. "Ukishindwa usione haya. Sema tu."

Kinachongoja kufutwa ni kumbukumbu za miaka tisa: ng'ombe 640 wa wanachama, kila mmoja na mbegu ya fahali aliyopandishiwa, ndama aliyemzaa na tarehe. Zikipotea, hakuna atakayejua ndama yupi ni binti wa fahali yupi, na mabinti watapandishwa kwa baba zao. Karani Wangechi, aliyezichapa zote kwa vidole vyake, amesimama mlangoni macho mekundu.

Alitaka kuzinakili kwanza. Yule fundi wa saa sita akamtia hofu: ati mafaili yenyewe yameoza, ukiyahamisha umehamisha ugonjwa.

Sellah anachomoa waya wa intaneti. Kisha anatoa mkobani daftari nene lililofunikwa kwa gazeti. Analiita rejista.

Fundi huyu mwenye umri wa miaka 38 ana kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini Kitale, na hutoza shilingi mia tano kukagua mashine. Kila mashine nzima inayopita mikononi mwake, huandika programu zote zinazofanya kazi chinichini bila mwenyewe kuziona: jina, folda inamokaa, aliyeitengeneza, na kilichoiamsha. Mashine ikiugua, anaita rejista kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mafundi wenzake walimcheka sana. Siku hizi wanakuja kuliazima daftari, naye huwanyima kwa raha zake zote.

Ujanja huo hakuupata chuoni. Aliupata matangani.

"Babu yangu alipofariki kule Lwakhakha, kuna jamaa alikula matanga siku tatu, amevaa joho la kwaya," anasimulia huku akicheka. "Watu wa kanisa wakadhani ni wa upande wa mama. Wa upande wa mama wakadhani ni wa kanisa. Lakini bana, alikuwa amekaa tenti ya wakwe! Kwaya gani inakaa na wakwe? Aliondoka na spika zote mbili."

Na yule ambaye kila mtu alimshuku? "Mzee mmoja mchafu, hasemi na mtu, anakula sahani tatu. Kumbe ndiye alikuwa anachota maji tangu alfajiri. Tungemfukuza, tungekufa kiu."

Siku hizi kila programu anaihoji kama mgeni wa matanga: umetoka wapi, umeletwa na nani, umekaa tenti gani, na ukitoka unabeba nini.

Laiti angeikumbuka hadithi hiyo mwaka wa 2016. Wakati huo alikuwa na duka Bungoma, na mkurugenzi wa shule moja ya binafsi, Mwalimu Hesbon, alimletea mashine iliyokuwa ikilemewa. Sellah aliona programu yenye jina la ajabu ikila nguvu nyingi. Akaamua ni virusi. Akaifuta mashine yote, na kumbukumbu za wanafunzi wa miaka kumi zikaenda nayo.

Programu ile ilikuwa ya mashine yenyewe. Ilikuwa ikipanga mafaili ili yatafutike haraka.

"Nilimuua mlinzi nikidhani ni mwizi," anasema, na hapo hacheki. Habari ilienea mjini, wateja wakamkwepa, na baada ya miezi minne alipakia vitu vyake kwenye bodaboda mbili akahamia Kitale. Alilia njia nzima, na haoni haya kulisema.

Ndiyo maana leo Kachibora hana haraka. Kwenye skrini kuna programu inayomeza asilimia 92 ya nguvu za mashine, na jina lake ni herufi tu zisizotamkika.

"Si huyo ndiye mwizi?" Mathenge anauliza, kidole tayari kimefika kwenye kioo. "Mchinje!"

"Ngoja, Mzee. Tumuulize kwanza."

Anafuata kidole chake ukurasa baada ya ukurasa. Programu ile inakaa kwenye folda ya mfumo, ina sahihi ya kampuni iliyoutengeneza, na imeamshwa na mfumo wenyewe. Rejista inayo, katika mashine tatu nyingine. Ni kazi ya kusasisha mfumo.

"Huyu ni mchota maji," anatangaza. "Lakini mbona hamalizi? Wangechi, mashine mnaizima saa ngapi?"

"Tukisikia ngurumo tu, Madam. Saa nane, saa tisa hivi. Tunachomoa waya ukutani. Radi ya huku haina adabu."

Sellah anapiga paja. Msimu wa mvua umeanza, na kwa wiki tatu programu ile imekuwa ikikaribia kumaliza kazi, inakatwa, kesho yake inaanza upya. Mashine haikuwa imelogwa. Ilikuwa ikizimwa kwa hofu ya radi.

Mathenge anataka kushangilia, lakini Sellah anainua mkono. Hajamaliza kuita majina.

Karibu na mwisho wa orodha anasimama. Kuna programu ndogo inayokula asilimia moja tu, tena yenye jina la heshima ambalo kila mashine katika daftari lake inalo. Lakini kwingine kote inakaa kwenye folda ya mfumo. Hapa imejibanza kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa mtandaoni. Haina sahihi. Kila asubuhi inajiamsha na kujaribu kutuma kitu nje.

"Joho la kwaya," ananong'ona, "tenti ya wakwe."

Wangechi anajishika mdomo. Anakumbuka alipakua programu ya bure ya kukata picha za ng'ombe.

"Si wewe wa kwanza, dada. Sasa chukua simu, ubadilishe nywila zote za ofisi. Usitumie hii mashine."

Sellah anaisimamisha ile programu, anaitenga, anakagua mashine kwa antivairasi mbili tofauti. Kisha anafungua faili la kumbukumbu. Ng'ombe wa kwanza yupo. Wa mia tatu yupo. Wa 640, mali ya Mathenge mwenyewe, yupo na ndama wake wanne. Wangechi anamkumbatia kwa nguvu hadi miwani inaanguka. Nakala mbili zinatengenezwa papo hapo.

Saa sita kamili fundi mwingine anabisha hodi, mkoba begani. Anawakuta wakinywa chai.

"Karibu kikombe, kijana," Mathenge anamwambia kwa furaha isiyofichika. "Mgonjwa uliyetaka kumzika amekunywa uji."

Hayo yalitokea mwezi uliopita, na Mathenge hajanyamaza tangu siku hiyo. Aliyasimulia hata Bungoma, kwenye mkutano wa wafugaji. Wiki iliyopita simu ya Sellah ililia, namba aliyokuwa bado anaijua kwa kichwa.

"Nekesa," Mwalimu Hesbon alisema, "mashine ya shule imeanza kunguruma tena. Nimewaambia hakuna mtu kuigusa mpaka ufike."

Januari, Sellah anafungua duka la pili, Bungoma, mtaa uleule alioondoka akilia. Ameshalipia chumba, na mteja wa kwanza anamjua.

Atakwenda na rejista zake zote tisa, nane zilizojaa na hii ya sasa. Ile ya zamani kabisa ina ukurasa wa kwanza wenye mstari mmoja tu: jina la programu aliyoiua mwaka wa 2016, na mbele yake, kwa wino mwekundu, maneno matatu.

"Hakuwa na kosa."