Mzee wa Chini na Ugali wa Bibi

Hebu niambie, wewe mwenye vyeti: ardhi ikitetemeka chini ya miguu ya mtoto, unamjibu nini?

Mimi niliambiwa "kariri." Nilikuwa darasa la tano, Songwa, jirani na mgodi wa almasi. Mwalimu alisema lile shimo la mgodi ni koo la volkano ya kale, akafuta ubao. Nikauliza, italipuka tena? "Mtihani hauulizi hilo."

Mchana ule mgodi ukapasua miamba kwa baruti, sakafu ikatikisika. Nikajua, volkano ndiyo hiyo. Kesho yake nikagoma kwenda shule, maana njia ilipita kando ya shimo. Baba akasema kama sitaki kalamu, nishike fimbo ya ng'ombe hadi uzeeni. And he meant it.

Bibi, mzaa baba, akamwaga maji yenye unga wa mtama mlangoni, kuwatuliza wahenga. "Chini kuna mzee," akaniambia. "Ndiyo maana ugali unaochemka hatuugandamizi kwa jiwe. Ukimziba pumzi, anafoka."

Mjuaji mimi! Alipotoka nje, nikafunika sufuria, jiwe juu. Haikuchukua muda: kifuniko kikaruka, ugali ukanata kwenye bati, tone likaniunguza shavu.

"Ng'wanone, mwanangu, nilisema nini?" Alinipaka maji baridi huku anacheka. Kisha akabandika uji mwepesi. "Tazama. Huu pumzi inatoka kirahisi, unafurika tu mpaka majivuni. Ule mzito unaibana pumzi mpaka upasuke."

"Na yule wa shimoni?"

"Alishafoka zamani, kapoa. Umeona wapi kiporo kinaruka?"

Kesho yake nilikwenda shule.

Miaka baadaye, chuoni, profesa akaonyesha slaidi: viscosity, yaani mnato, na gesi. Volkano ya uji mwepesi hutiririka, ya uji mzito hulipuka. Ile yetu ilikuwa kama soda iliyotikiswa: gesi tele, ikapanda kwa kasi kutoka kina kirefu, ikabeba almasi. Nilicheka peke yangu darasani, machozi yakanilengalenga.

Sisemi chini kuna mzee. Nasema bibi, asiyejua kusoma, aliiheshimu hofu yangu kiasi cha kuijibu. Bila yeye leo ningekuwa nyuma ya ng'ombe. Badala yake nina digrii ya jiolojia na niko nyumbani bila kazi, so what? Shule ileile haina mwalimu wa sayansi.

Nyinyi mnaogawa ajira: tupelekeni kwenye hayo madarasa. Mwaka huu, siyo kwenye hotuba. Au njooni wenyewe, msimame mbele ya wale watoto, wawaulize.