Masuke Matatu ya Dulimay

Wifi yangu Dulimay hakuolewa. Walikuja wachumba wawili, mmoja wa Hungduan na mwingine wa hapahapa, na wote waliambiwa wasubiri mavuno yapite. Mavuno yakipita, kulikuwa na kuandaa mbegu, kisha kupanda. Hivyo alizeeka ndani ya matope, na mimi niliyefundisha shule miaka thelathini sijaona mtu aliyeijua kazi yake kama yeye.

Ukoo wa marehemu mume wangu, Guinid, ndio uliokuwa na jaruba la kwanza la mpunga. Hakuna nyumba hapa kijijini iliyovuna hata suke moja kabla mwanamke wa ukoo wetu hajakata la kwanza, kuku wakiwa wameshachinjwa na kuhani ameshawaita wahenga. Hatukuwa na heshima iliyozidi hiyo. Guinid alipofariki, mikono yangu ilikuwa ya chaki, basi kazi ikabaki kwa dada yake. Miaka ishirini na sita alitembea juu ya kingo za mawe, akibinya punje kwa kucha na kusema "bado", na kijiji kizima kikangoja.

Mwaka wa mwisho mvua ilichelewa. Majaruba ya chini yalianza kuwa njano, ya juu yalikuwa kijani kibichi. Mwanangu Kinnud akaja kutoka mjini na watalii watatu.

"Shangazi, wageni wangu wanataka kukuona ukivuna."

"Waje baada ya wiki mbili."

"Wanaondoka kesho."

"Basi wawapige picha bata. Bata hawana miiko."

Kinnud akacheka, akamshika bega. "Masuke matatu tu, Shangazi. Nani ataona? Hata Mama hatajua."

Dulimay hakuwahi kumnyima kitu. Ndiye aliyembeba mgongoni nilipokuwa darasani. Akaingia majini na kisu chake kidogo, akakata matatu, akatabasamu walipomwomba atabasamu.

Ng'ambo ya bonde, Imayya, mke wa Habbiling, alikuwa aking'oa magugu kwenye ukuta wa mawe. Aliuona mkono ukiinuka na masuke.

"Wamefungua mavuno!" akapaza sauti. "Kwa kina Dulimay wamefungua!"

Kufika adhuhuri nyumba kumi na moja zilikuwa zikivuna. Kuhani alipotoka mbio kuwazuia, mpunga mwingi ulikuwa umeshalala kingoni, mbichi, haufai kuliwa wala kuwa mbegu.

Kinnud aliniambia yote, na tulijua wanakijiji watakuja. Nikamkalisha Dulimay jikoni.

"Wifi, Kinnud ndiye mrithi. Wakijua ni yeye aliyekuomba, jina letu limekwisha."

"Na mimi?"

"Wewe umezeeka. Mzee husahau siku."

Alinitazama. "Sijasahau hata siku moja, Mwalimu." Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

"Najua," nikasema.

Walipojaa uani, alisimama mwenyewe. "Nilikosea hesabu ya siku. Akili zangu zimechoka."

"Akili zimechoka, kisu hakichoki?" Imayya akamjibu. "Maskini sisi, tumekaa na njaa tukimngoja kikongwe aliyechanganyikiwa!"

Kuna waliocheka. Kinnud alisimama kando ya ghala, akitazama viatu vyake.

Nayaandika haya kwa sababu Dulimay sasa amezikwa, na mpaka leo wapo wanaosema alikufa akiwa hana akili. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa na akili timamu kuliko yeye. Aliyemwambia aseme vile ni mimi.

Jaruba hawakutunyang'anya. Waliacha tu kulingoja, na wazee wakaupeleka ufunguzi kwa kina Habbiling. Mwaka uliofuata mpunga wetu uliiva kabla ya wote. Dulimay alikaa ukingoni siku nne, ndege wakila mbele yake.

"Tukate tu, wifi," nikamwambia.

"Si sisi tena."

Siku ya tano nikasikia kelele za furaha ng'ambo: kina Habbiling walikuwa wamekata la kwanza. Dulimay hakuinuka. Aliniomba niende nikamwulize Imayya kama nasi tunaruhusiwa sasa.

Nikashuka, nikavuka bonde, nikamwuliza.