Bundi wa Gaudiosa

Gaudiosa alikuwa mkunga katika hospitali moja kusini mwa Stockholm, na kwa miaka mingi aliishi mtaa wa Bredäng bila hobi yoyote. Kasoro hiyo aliigundua kazini, Jumatatu moja, wakati wa kahawa. Wenzake walikuwa wakisimuliana wikendi ilivyokwenda. Mmoja alikuwa amepiga kasia, mwingine amechuma uyoga, na wa tatu amejitumbukiza katika ziwa la barafu kwa hiari yake mwenyewe. Zamu ya Gaudiosa ilipofika, akasema ukweli: "Nililala."

Mmoja wao akamshika bega na kumuuliza kwa upole kama ana mtu wa kuzungumza naye.

Basi akanunua kamera kuukuu yenye lenzi ndefu kama mchi, akajiunga na chama cha wapiga picha wa ndege. Wanachama walivaa kijani kutoka kofia hadi soksi, na walikuwa wakimya kiasi kwamba mwanzoni Gaudiosa alidhani wamegombana. Binti yake, Michelle, alipomwona mama yake naye amegeuka kijani, alimwambia kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba tafadhali asipite karibu na shule.

Mwenyekiti wa chama, mzee mmoja mstaafu aitwaye Lennart, alishindwa kumwelewa mwanachama huyu mpya. "Lakini kwenu kuna simba," alimwambia. "Unatafuta nini huku kwenye matope?"

"Simba niliyekuwa nikimwona Bukoba alichorwa kwenye mfuko wa saruji," Gaudiosa akajibu.

Lennart alisikitika. Ilionekana wazi kwamba kwake Afrika nzima ilikuwa imepungua.

Mwezi Machi chama kilisafiri hadi Västerbotten, kaskazini kabisa, kwenda kumtafuta bundi mkubwa wa kijivu. Walisimama pembeni mwa msitu, theluji magotini, hadi Gaudiosa akaacha kuvisikia vidole vyake. Ghafla ndege yule akatoka kwenye misonobari bila sauti hata kidogo, akatua juu ya nguzo ya ua mbele yao. Uso wake ulikuwa wa mviringo, mpana kama ungo, na macho ya manjano.

Lennart alianza kulia kwa furaha. Gaudiosa naye nywele zilimsimama, ila si kwa furaha. Kwao bundi akilia juu ya paa, bibi yake alikuwa akitoka na debe na kulipiga mpaka mtaa mzima uamke. Kidogo tu apige kelele, "Toka! Shindwa!" Lakini mikono ilikuwa tayari imeshika kamera. Akamtazama bundi kupitia lenzi, na bundi akamtazama yeye, akamwona hana maana yoyote, akageuza shingo. Gaudiosa akabonyeza. Moyo ulimdunda hivyo hivyo mpaka walipofika hotelini, na hapo ndipo alipogundua kwamba woga ulikuwa umeondoka na kilichobaki ni raha.

Kwa raha hiyo akafanya kosa: akaituma picha kwenye kundi la ukoo kwenye simu, bila maelezo.

"Nani amekufa?" akauliza mjomba wake, Ephraim, kutoka Bukoba.

Kabla hajajibu, shangazi Benedicta wa Mwanza alikuwa ameshaanza kulia kwa ujumbe wa sauti. Binamu mmoja akaandika, "Poleni sana wafiwa." Mwingine akaweka mshumaa. Kwa kuwa marehemu hakutajwa, ukoo ukakubaliana kwamba bila shaka ni Mjomba Ephraim, maana alikuwa akisumbuliwa na mgongo.

"Mimi mzima!" mjomba akaandika.

"Pumzika kwa amani, mjomba," akajibiwa na mpwa wa Dodoma ambaye hakusoma ujumbe wa juu.

Habari zilifika Stockholm haraka. Jumapili hiyo Mzee Matayo, Mganda aliyeongoza ushirika wa maombi wa Waswahili kule Fittja, alifika Bredäng na waumini wake kuikomboa nyumba. Walikula kwanza. Kisha wakaomba, na Mzee Matayo akatoa kichupa cha mafuta akaisogelea kamera.

"Sista Gaudiosa, chombo hiki lazima kipakwe."

"Kwenye lenzi hapana, mzee wangu!" Gaudiosa akairukia kamera kama anamdaka mtoto anayeanguka.

Wakajadiliana kwa muda. Mwisho mkoba wa kamera ndio uliopakwa mafuta.

Mwezi Mei ile picha ikashinda shindano la chama na kutundikwa kwenye maktaba. Mwandishi wa gazeti la mtaani alipokuja, alimkuta Mzee Matayo amesimama kando ya bundi, amevaa suti.

"Kipaji hiki tumekilea sisi," alieleza. "Tumekiombea tangu mwanzo."

Hakuishia hapo. Alimwomba Gaudiosa awapige picha ya kalenda ya ushirika, kando ya ziwa pale Fittja. Wakajipanga kwa urefu, mikono ubavuni, nyuso zimekaza kama za pasipoti. Gaudiosa alijua picha nzuri hupatikana pale kiumbe anaposahau kwamba anatazamwa. Akalala kifudifudi kwenye tope, akatulia, akasubiri.

"Mama Michelle ameanguka!" mtu akapiga ukunga.

Mstari wote ukavunjika. Wakamkimbilia, vitenge vikipepea, Mzee Matayo mbele na tai begani, mikono yote imenyooshwa kumwinua, midomo wazi. Gaudiosa akabonyeza, akabonyeza tena, hadi walipomfikia na kumwinua kwa nguvu, kamera ikining'inia shingoni.

Picha hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye kalenda. Mzee Matayo aliikataa mwanzoni, akisema haina heshima. Kisha akaitazama tena kwa muda mrefu, akasema angalau inaonyesha ni nani aliyetangulia kufika.