Baba, Fundi wa Mwanza na Faili ya Tano

Gari nililonunua kwa jirani aliyekuwa anahama Mpanda lilikuwa zuri kwa macho tu. Dogo, la Kijapani, la chini, bluu iliyokolea, gia otomatiki na injini ya turbo. Jirani alikuwa amelifungia turbo kubwa kuliko ile liliyokuja nayo na ekzosi nene, kisha akaishia hapo. Control box, ile kompyuta ndogo inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani na moto uwake saa ngapi, iliendelea kuamini kwamba turbo ni ile ya zamani. Kwa hiyo ukikanyaga mafuta gari lilisita kwanza, likakohoa, halafu likaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Gia nazo zilipanda na kushuka bila kujua zishike ipi.

Mimi ni mpima ardhi. Mchana kutwa natembea kwa miguu kwenye viwanja vya watu, nikihesabu hatua na kusuluhisha majirani wanaogombania nusu mita. Labda ndiyo maana nilitaka kitu changu kimoja kinachokwenda kasi. Mama alipoliona mara ya kwanza alizunguka nyuma, akaitazama ekzosi, akaniuliza kama hilo bomba ni la gari au la kisima. Baba alikaa kwenye kiti chake barazani, pale kwao Nsemulwa, hapahapa Mpanda, akasubiri niliwashe. Nilipoliwasha alitikisa kichwa taratibu.

"Mama," akaniambia, maana mimi nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "huyo mnyama ni mgonjwa."

Baba aliendesha malori maisha yake yote ya kazi. Alibeba chumvi, mahindi, tumbaku, na dagaa kutoka Karema, kule ziwani, hadi sokoni Kashaulili, enzi ambazo njia ile ilikuwa mawe matupu. Aliacha kwa sababu ya goti la kushoto. Goti hilo lilikanyaga klachi miaka mingi mpaka likakataa, na tangu siku aliyokabidhi funguo hakugusa tena usukani. Magari ya otomatiki aliyadharau. Aliyaita magari ya kubebwa.

Fundi nilimpata kupitia kundi la simu la wapenda magari. Yuko Mwanza, na kazi yake ni kuandika upya programu za injini na giaboksi. Aliniambia hakuna haja ya kumpelekea gari. Ningenunua waya unaochomekwa chini ya usukani, niunganishe laptop, nikimbize gari kwenye barabara iliyonyooka, nimtumie rekodi ya namba za injini. Yeye angesoma, aandike faili ya programu mpya, anitumie, niiingize kwenye gari, tuanze tena. Kabla ya yote aliniuliza maswali mengi kama daktari. Natumia mafuta gani? Huko kuna joto kiasi gani? Naendesha lami tu au na vumbi? Mwisho akauliza nataka nini.

"Nguvu zote," nikasema.

Akacheka. "Dada, kila mtu anasema hivyo kabla giaboksi haijamfia porini."

Sharti lake lilikuwa moja: dereva asiangalie laptop. Lazima awepo mtu wa pili. Mwenzangu wa ofisini aliyeahidi kunisaidia alipata safari, nikabaki na Baba. Alikubali upesi mno, na nilijua kwa nini. Alitaka kushuhudia ujinga huo kwa macho yake. Aliwahi kuniambia kwamba injini haiandikiwi barua.

Jumamosi asubuhi tukatoka kwa barabara ya Tabora, mpaka mahali ambapo nyumba zinaisha na lami imenyooka katikati ya miombo. Nilimpakatisha laptop, nikamwonyesha kitufe cha kuanzia kurekodi. Alikibonyeza kwa kidole kimoja kwa heshima kubwa, halafu akavua ndala zake, akazisukuma chini ya kiti, akakanyaga sakafu ya gari kwa nyayo tupu.

"Unafanya nini, Baba?"

"Endesha wewe. Mimi nasikiliza."

Nikakanyaga. Gari likasita, likakohoa, likaruka, gia zikapanda. Nilipopunguza na kusimama pembeni, Baba alikuwa amefumba macho.

"Ikitoka ya pili kwenda ya tatu inajikwaa," akasema. "Inajikwaa halafu inajifanya haikujikwaa. Kama mtu mzima mbele za wakwe."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilitabasamu, nikatuma rekodi. Jioni yake fundi akapiga simu. Akasema injini ana kazi nayo kubwa, ila kuna jambo kwenye giaboksi: kati ya gia ya pili na ya tatu kuna nukta ndogo ambapo injini inapandisha mzunguko kabla gia haijashika. Ni ndogo sana, akasema, haiwezi kusikika, yeye mwenyewe ameiona kwenye namba tu.

"Baba ameisikia," nikamwambia.

"Mzee yupo hapo? Mpe simu."

Ndivyo walivyoanza. "Shikamoo mzee." "Marahaba, kijana. Habari za huko ziwani?" Wakasalimiana kwa kirefu, kila mmoja akaulizia ziwa la mwenzake, kisha wakaingia kwenye giaboksi na hawakutoka mpaka salio la fundi likaisha.

Kwa wiki kadhaa Jumamosi zetu zilikuwa hivyo. Fundi anatuma faili, mimi naiingiza gari likiwa limezimwa na nimebana pumzi, tunakwenda barabara ya Tabora, Baba anavua ndala. Faili ya kwanza iliponya kikohozi. Ya pili ikaleta nguvu mapema, lakini gari likawa linashika gia ya juu haraka mno. Baba akasema ni kama mtu anayekimbilia kukaa kabla hajakaribishwa. Fundi alizipenda sentensi zake. Alianza kuniambia nimtumie rekodi pamoja na maneno ya mzee, vyote viwili. Baba alipokosa neno la Kiswahili alilisema kwa Kifipa, kisha akakaa akilitafutia tafsiri, na mimi nikasubiri na simu mkononi. Mara nyingine tafsiri ilikuja Jumatatu.

Nilikuwa namjua Baba kama mtu wa maneno machache. Kumbe maneno yalikuwepo, yote yalikuwa ya magari, na nyumbani hakukuwa na wa kumwambia.

Tukafika mahali pa kuchagua. Fundi alikuwa ametuma faili mbili kwa mpigo. Ya tatu ilikuwa ya upole: nguvu ya kutosha, inaanzia chini, gia zinabadilika laini usihisi. Ya nne ilikuwa nguvu zote nilizoomba siku ya kwanza. Aliniandikia niijaribu ya nne mara moja au mbili tu, nimrudishie rekodi kabla sijaizoea. Nadhani alijua ningeizoea.

Siku hiyo kulikuwa na joto la kiangazi kikali, lile la kabla ya mvua. Mkimbio wa kwanza wa faili ya nne ulinibana mgongo kwenye kiti. Nilipiga kelele za furaha, mimi mtu mzima. Nikageuza gari, nikaanza wa pili.

"Achia," Baba akasema.

Sikuachia. Injini ilikuwa inapanda vizuri, mti kwa mti ukipita.

"Achia mafuta, nimesema!"

Baba hakuwa amewahi kunipandishia sauti, hata nilipokuwa mdogo. Niliondoa mguu, nikasimama pembeni ya barabara, nikiwa na hasira kama mtoto aliyenyang'anywa sahani.

"Nini sasa, Baba?"

"Inagonga. Ndogo, ndani kabisa. Kama choroko zinamwagwa kwenye sufuria."

"Huo ni upepo. Dirisha lako liko wazi."

Alinipa laptop, akashuka, akaenda kusimama kwenye kivuli cha mti akiwa pekupeku, mgongo umenielekea. Nikafungua rekodi ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Nilishuka na namba mpaka mwisho wa mkimbio wa pili, na hapo nikaiona safu ambayo fundi alinifundisha kuiangalia, ile inayoonyesha injini ikisikia mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na kujaribu kujiokoa. Namba zilikuwa zimeshuka, tena zilishuka sekunde ileile aliposema achia ya kwanza. Kati ya achia ya kwanza na ya pili zilishuka zaidi.

Nilimfuata pale mtini. "Baba, nisamehe. Ni kweli."

"Najua ni kweli," akasema. Kisha, kwa sauti yake ya kawaida: "Mimi niliwahi kuisikia inagonga nikanyamaza. Bosi alikuwa na haraka, na mimi nilitaka kuonekana dereva mzuri. Injini ilipasuka tukiwa mlimani na mzigo wa dagaa. Siku tatu tumekaa pale. Dagaa wanaoza, na mimi kila nikivuta pumzi najua ni mimi." Akanitazama miguu, si uso. "Hizo ndala zangu ziko wapi? Hapa pana miba."

Nikamletea.

Fundi alipoisoma rekodi alisema kwa joto letu na mafuta tuliyonayo faili ya nne haifai, na kwamba mzee ameokoa pistoni. "Basi tuchukue ya tatu," akasema. "Ya upole, injini na gia."

Nilikubali kwa unyonge. Simu ilikuwa kwenye spika, juu ya meza ya wazazi, na Mama alikuwa akichambua mchele pembeni. Nilidhani mambo yameisha. Baba akakohoa.

"Kijana, injini iwe ya upole, hapo sawa. Lakini gia usizilegeze."

"Mzee, gia laini ndiyo raha ya abiria."

"Raha ya abiria ni kufika. Mimi nimeunguza klachi ngapi kabla sijajifunza? Ukiikanyaga nusunusu ili bosi asitikisike, sahani zinasuguana, zinaungua. Gia inatakiwa kushika kama mtu anayekupa mkono wa salamu. Asikuvunje vidole, lakini ujue umeshikwa."

Fundi akasema ndani ya giaboksi ya otomatiki pia kuna sahani kama hizo, nyingi, zinabanwa na oili, na kwamba ubadilishaji laini kupita kiasi ndio unaozila. Alikuwa anajua. Aliziacha laini kwa sababu wateja wakisikia gia inashika wanalalamika.

"Mimi sitalalamika," Baba akasema.

Mama akainua macho kutoka kwenye mchele. "Kwani gari ni la nani?"

Baba akaivuta simu karibu yake.

Hiyo ndiyo ikawa faili ya tano: injini tulivu inayovuta mapema, gia zinazoshika kama mkono wa salamu. Niliijaribu peke yangu kwanza, kuzunguka mjini, na sikuwa na la kusema ila kwamba gari lilikuwa limeacha kubahatisha. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na safari ya Karema, kumwona shangazi. Tulipoivuka Mpanda nilisimama, nikashuka, nikamfungulia Baba mlango wa upande wake.

"Shika wewe."

"Mimi na haya magari ya kubebwa?"

"Hakuna klachi, Baba. Goti halina kazi."

Alishuka, akazunguka mbele ya gari huku ameegemeza mkono kwenye boneti kama mtu anayepita pembeni ya ng'ombe. Alipokaa kwenye usukani hakujua aweke wapi mguu wa kushoto. Mara auweke huku, mara kule, mwisho akaukunja chini ya kiti, akacheka mwenyewe. Na akaendesha. Kwenye lami alikuwa mwangalifu kama mwanafunzi. Lami ilipoisha na changarawe kuanza, mabega yake yakashuka, na nikamwona dereva ambaye nilikuwa nimemsikia kwenye hadithi za rafiki zake tu. Alilijua kila bonde. Alipunguza kabla ya mashimo ambayo mimi sikuwa nimeyaona. Wakati wa kurudi, tukiuacha ufuko wa ziwa na kuanza kupanda, gari lilishika gia ya pili na kukaa nayo, halikubabaika, likavuta mpaka juu.

"Hii sasa ni gari," akasema. Baada ya hapo alizungumza njia nzima. Alinionyesha walipolala na lori bovu, mahali alipouziwa asali, kona ambayo utingo wake aliiogopa mpaka anashuka na kuipita kwa miguu.

Fundi alikuja Mpanda miezi michache baadaye, ana mteja Sumbawanga, akaamua kupitia kwetu. Baba alivaa koti. Alikuwa amemjenga kichwani kama bwana mrefu wa mikono mikubwa. Akashuka kwenye basi mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani na begi la laptop kifuani. Walishikana mikono muda mrefu. Mama alikuwa amepika migebuka, wale samaki wa ziwani, kwa nazi, na wali wa mchele ule wa Mpimbwe. Fundi alikula, akaongezewa, akaongezewa tena kwa lazima, kisha Baba akamwambia ainuke.

Waliondoka wawili na gari langu. Mimi nilibaki nikisaidia vyombo. Waliporudi walikuwa wanabishana tangu getini. Fundi alikuwa anasema kuna kitu kidogo anaweza kukiongeza kwenye gia ya nne, Baba anasema kisiguswe, kilivyo ndivyo kilivyo. Wakaingia hadi sebuleni, mmoja amefungua laptop, mwingine amevua viatu ameshika soksi mkononi.

"Jamani," nikasema, "mwenye gari ni mimi."

Waligeuka wote wawili wakanitazama, kwa upole kabisa, kama watu wazima wanavyomtazama mtoto aliyeingilia mazungumzo. Kisha wakaendelea.