Hita ya mama mkwe iliyomshinda fundi kwa hesabu

Wakuu, salaam kutoka Joburg, ambako baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Kisa hiki ni changu, sikusimuliwa na mtu.

Mama mkwe alikuja kutoka Lubumbashi kukaa nasi hapa Rosettenville. Kifua chake kibovu. Kliniki wakasema chumba chake kiwe na joto, la sivyo arudi kwao.

Mke wangu hakutaka kusikia habari ya kurudi. Na mimi nampenda yule mama, niseme ukweli.

Tukaita fundi. Akapima kuta na madirisha, akatandika sufi juu ya dari ili joto lisitoke, akapiga hesabu kwenye simu. Akasema hita ikiwashwa jioni tu, umeme tunaolipia kabla utatosha mwezi mzima.

Watu wa hesabu wana raha zao.

Umeme ukaisha kabla ya nusu ya mwezi. Tukaongeza, ukaisha. Mama bado anakohoa.

Nikampigia fundi. Akasema hesabu yake iko sharp, labda jirani ananiibia. Nikamtazama jirani kwa jicho baya wiki nzima, na mtu wa watu ni mlokole.

Mke wangu akaanza kukunja nguo za mama huku analia. Mimi nikatumwa chumbani kuchukua begi.

Nikakuta hita inawaka mpaka mwisho, na dirisha wazi kabisa. Mama kakaa kati ya hita na dirisha, kajifunika blanketi, ametulia.

Nikamuuliza, mama, mbona dirisha?

"Baba, kama moto iko inawaka, dirisha haifungwe. Dada yangu alilalaka na mbabula mu nyumba ya kufunga. Asubui hakuamukaka."

Mbabula ni jiko la mkaa, kwa msiojua.

Nikamweleza kwamba hita ya umeme haina moshi.

"Na ile ya dada, moshi hatukuionaka."

Niliumia, wakuu.

Mwisho akasema kama kweli haiui, nikae nayo mimi, dirisha limefungwa. Nikakaa. Mpaka leo nakaa naye kila jioni hadi hita izimwe. Kikohozi kimepungua, umeme unatosha, begi limerudi juu ya kabati. Na kila baada ya muda mama ananiita jina, kuhakikisha mkwe bado anapumua.

Nilichojifunza: fundi alipima kila kitu mle ndani isipokuwa mwenye chumba. Kabla ya hesabu, muulize anayelala humo anaogopa nini.

Wenye wakwe karibuni. Na anayetaka kumtetea fundi, uwanja ni wake.